Pai ya Ijumaa

Azlina alikuwa amesimama kando ya kibanda cha njegere nyeusi katika soko la Preston, kikombe mkononi, hajui ale vipi. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akanyoosha mkono, akammiminia siki bila kuombwa.

"Sasa kula," akasema. "Bila siki hizo ni kokoto."

Kijana mwenyewe alikuwa fundi wa reli, nywele nyekundu zimelowa mvua, koti lake limepauka mabegani. Jina lake Damian Threlfall. Azlina alikuwa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kota Bharu, Malaysia, na siku hiyo amejitanda ushungi wa rangi ya zafarani. Alikula kijiko kimoja, akakunja uso, kisha akala cha pili.

"Yule mama muuzaji ameniita mpenzi," akasema. "Ananijua?"

"Hapa hata anayekufukuza dukani anakuita mpenzi."

"Na wewe je?"

"Mimi bado sijakuita."

Tangu hapo Jumamosi zikawa zao. Damian alimwapia kwamba harudi kwao kabla hajaonja chakula cha Kiingereza cha kweli. Akamlisha keki ya shayiri na tangawizi inayonata menoni, akamfundisha kula jibini na keki ya zabibu kavu kwa pamoja. Azlina alimcheka, akamwambia watu wenye mvua nyingi hivyo wangekuwa na pilipili nyingi zaidi. Lakini kilichomvuta hakikuwa chakula. Kila mkahawa walioingia, Damian aliuliza kwanza wanakaangia mafuta gani. Wakitaja ya mnyama, anaaga kwa upole na kumshika mkono, wanatoka. Azlina alipompigia simu baba yake, alimwambia yupo mtu, na kwamba mtu huyo ukifumba macho anakuonea njia.

Ijumaa moja ya Kwaresima, mama yake Damian, Bernadette, akamwalika kula pai ya siagi, viazi na vitunguu tu, kama mama yake mwenyewe alivyoipika kila Ijumaa.

"Na sisi tuna siku zetu za kutogusa nyama, mwanangu," akamwambia.

Azlina alikula vipande viwili na kabichi nyekundu ya siki. Damian hakula sana. Wakamtania kuwa mapenzi yamemshibisha.

Wiki tatu baadaye Azlina alitaka kumshangaza Damian siku yake ya kuzaliwa. Akampigia Bernadette aelezwe namna ya kuipika. Bernadette akafurahi, akamtajia unga, chumvi, maji ya baridi, na mafuta ya nguruwe, ambayo kwao hayahesabiwi nyama, maana kwa siagi peke yake ganda linalegea. Kisha akawa anauliza, "Upo? Azlina, upo?"

Hakumlaumu yule mama. Alimwita Damian kando ya mto, mchana, baada ya kazi.

"Ulijua?"

Damian angeweza kukana. "Nilipoingia jikoni kuchukua uma niliona mezani karatasi iliyofungiwa mafuta yale. Ulikuwa umeshakula kipande cha kwanza."

"Na cha pili?"

Akaangalia maji. "Mama alikuwa jikoni tangu asubuhi. Nikasema moyoni, Mungu hamhesabii mtu asichokijua."

"Kweli, hanihesabii. Lakini wewe ulijua, Damian, na ni wewe uliyenisogezea sahani."

Damian akamwambia alikusudia kumposa kiangazi hicho. Azlina akajibu kwamba alijua, ndiyo maana alishamwambia baba yake.

Siku ya pili Bernadette, aliyekwisha kuelewa ule ukimya wa kwenye simu, alikuja bwenini na koti lake la kanisani, analia hata kabla ya kuketi. Azlina akamkumbatia, akamwambia asiyejua hana kosa.

"Basi msamehe na Damian," akasema Bernadette akijifuta. "Naye hakujua."

Azlina alifungua kinywa. Akauona ule uso uliovimba, mikono inayokunja leso. Akakifunga.

Jioni akampigia Damian. "Mama yako anadhani hukujua. Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa," akasema Azlina. "Nilidhani nikikuelewa itaacha kuuma."

Walijaribu. Damian alikuwa mwangalifu kuliko mwanzo, naye Azlina alicheka panapostahili kucheka. Asubuhi moja Damian alikuja kumpikia mayai katika jiko la bweni. Alipogeuka na kikaango, akamkuta Azlina ameokota pakiti ya siagi, anasoma maandishi ya nyuma. Azlina mwenyewe alishtuka, kana kwamba mkono ule haukuwa wake. Damian alizima jiko. Wakakaa kitako, mayai yakapoa, na mmoja wao akaanza kulia.

Mwezi Juni Azlina alimaliza mitihani. Damian alimbebea masanduku hadi stesheni, akayapanga vizuri kwenye rafu ya behewa, akashuka kabla milango haijafungwa.

Keshoye Bernadette alikuwa akipiga pasi simu ilipolia. Ni Azlina, amefika salama, kwao kuna joto, baba yake anamsalimu. Damian alikuwa ameketi kwenye ngazi anafunga kamba za viatu aende kazini, akaisikia ile sauti, ndogo, inacheka. Mama yake akamnyooshea simu. Damian akatikisa kichwa, akaendelea kufunga kamba ambazo alikwisha kuzifunga.