Kuku wa Wajomba

Kitu cha kwanza Driciru alichokiona ni kisigino. Alioni alikuwa akila ugali wa muhogo, na kila tonge likishuka alisugua kisigino cha kulia juu ya kidole gumba cha kushoto. Upande wa pili wa mkeka, baba yake Driciru alikuwa akifanya vilevile.

Dede, bibi yake Driciru mzaa baba, naye alikuwa ameacha kula.

"Kijana, umesema kwenu ni Aru, ng'ambo ya mpaka?"

"Ndiyo, Dede. Wazee wangu watakuja Jumamosi kuposa, mkituruhusu."

"Hao ni wa upande wa baba. Mama yako alitoka wapi?"

"Alifariki nikiwa mdogo. Nimeambiwa tu alitoka upande huu wa Uganda. Kule walimwita Mama Roza."

"Roza ni la kanisani. La kwao?"

Alioni alicheka kidogo, akamtazama Driciru. "Bibi yako angefaa polisi."

"Jibu, mwanangu," baba alisema polepole.

"Maturu."

Baba aliliweka tonge chini. Driciru alilijua jina hilo. Ni la shangazi yake, aliyetoroka na mchuuzi wa kahawa kabla yeye hajazaliwa, asirudi tena.

"Alikuwa na kovu hapa?" Dede aligusa shingo.

"La maji ya moto."

"La uji. Nilimmwagia mimi, bahati mbaya."

Dede akainuka, akatoka uani, akarudi amemshika jogoo mwekundu miguu, akamkabidhi Alioni.

"Dede, mimi ndiye niliyepaswa kuleta."

"Mkwe ndiye huleta. Mtoto wa binti yangu huchukua kwa wajomba zake bila kuomba." Alikuwa akilia huku akimpapasa kichwa. "Karibu nyumbani, mjukuu wangu. Huyu Driciru ni dada yako, si wa kuoa."

Driciru alimsindikiza hadi barabarani. Jogoo alikuwa kwapani mwa Alioni, akilalamika njia nzima.

"Twende Kampala. Huko nani atatuuliza mama katoka wapi?"

Driciru alitikisa kichwa.

"Sema basi. Mwaka mzima nakubembeleza useme neno moja tu, wewe unaficha uso kwenye kitenge. Hata leo?"

"Tukizaa, mtoto atamwita baba yangu nani? Babu, au mjomba wa baba yake?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na Dede leo ndiyo kampata mtoto wa Maturu. Nimwibie tena?"

Alioni alisimamisha pikipiki ya abiria, akapanda, akaondoka na kuku wake.

Mvua zilipoanza, simu iliita Driciru akimenya muhogo.

"Wamenitafutia msichana wa Ariwara," alisema Alioni.

"Ni mzuri?"

"Anaongea sana."

Driciru alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka.

"Wazee wanasema mjomba asipokuja, harusi haina heshima. Mwambie baba. Na wewe uje."

"Nitakuja. Nitapika. Dada wa bwana harusi hakai na wageni."

"Useme basi lile neno, nilisikie tu. Halitabadilisha kitu."

Driciru alitazama maganda ya muhogo miguuni pake. Dede alikuwa mlangoni, akichambua mboga.

"Sawa," Alioni alisema. "Kwaheri, dada."

Simu ikakatika. Driciru hakuitoa sikioni.

"Nakupenda," alisema, na Dede akaacha kuchambua mboga. "Nakupenda, Alioni."