Umri wa Aliyelala

Mto wa kitandani ulinuka udi. Genoveva alishangaa, maana hospitali gani hufukiza udi? Akaugeuza, akamlaza binti yake Elinaza upande wa pili. Ulinuka vilevile.

Walikuwa wametoka Chamazi alfajiri kuja kwenye hospitali hii binafsi ya Mikocheni kwa sababu moja tu: mtoto alikuwa analala darasani kila siku, na mwalimu mkuu amekataa kumpokea bila cheti cha daktari. Kipimo chenyewe ni kulala mchana. Kila baada ya saa mbili mtoto anabandikwa nyaya kichwani, pazia linafungwa, anapewa dakika ishirini, na mashine inaonyesha amechukua muda gani kupata usingizi.

Mara ya kwanza Elinaza alilala dakika ya kumi na mbili.

"Kwa mtu mzima hiyo ni kawaida," alisema Sista Wahiba, mpimaji. "Ila watoto wa miaka minane wengi hawalali kabisa hapa. Na viwango tulivyonavyo ni vya watu wazima."

"Kwa hiyo anaumwa au haumwi?"

"Siwezi kusema, mama."

Genoveva alikereka mpaka machozi yakamlenga. Ametoka mbali kote huko kuja kuambiwa siwezi kusema.

Mara ya pili mtoto alilala ndani ya dakika moja, akakoroma kwa sauti nzito ya kizee. Wahiba aliikodolea macho mashine.

"Mama Elinaza, kweli ana minane?"

"Umeniuliza mara tatu, sista. Haya, ana saba. Nilimwongezea mwaka ili aanze la kwanza mapema. Umeridhika?"

"Ndo mbaya zaidi," Wahiba alinong'ona. "Mtoto mdogo mawimbi yake ya usingizi huwa makubwa, yanajaza kioo cha mashine. Haya yamesinyaa. Huu ni usingizi wa mtu mzee sana."

Mara ya tatu, pazia lilipofungwa, harufu ya udi ilipanda ikawakaba koo, na mkoromo ukaanza Elinaza akiwa bado macho, anatetemeka, midomo ameibana, anamtazama mama yake, na Genoveva, ambaye hasira zilikuwa zimemzuia kuogopa tangu asubuhi, alimshika mkono.

"Mama," mtoto alisema kwa sauti ndogo, "siyo mie ninayekoroma."

Kisha macho yake yakafumba.

Wahiba hakuwa na swali jingine. Aliinama, akauliza taratibu, "Una miaka mingapi?"

Mkoromo ulikatika.

"Unaniuliza mie," ile sauti nzito ilijibu, "au mtoto?"