Shemeji Aliyeitwa Mume

"Huyu Dereva anayekuita 'mke wangu' ni nani?"

Afisa wa viza aliuliza kwa lugha yake nyuma ya kioo cha ubalozi, mkalimani akaligeuza swali kwa Kiswahili, na Fundi akafanya kosa ambalo atalijutia maisha yake yote. Alicheka.

Hakucheka kwa dharau, jamani. Dereva ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, anaendesha gari la wagonjwa hospitalini, na tangu Fundi aolewe katika ile familia hajamwita jina jingine. Mke wangu, leo tunakula nini? Mke wangu, nipunguzie hii suruali kiuno. Naye Fundi humjibu, ngoja zamu yako mume wangu, wateja kwanza. Utani wa shemeji huo, hata mtoto wa chekechea anaujua. Sasa kaa wewe mbele ya kioo umweleze mtu ambaye kwao mke ni mke na mume ni mume, basi.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Ananitania tu."

Mkalimani alitafuta neno la utani kwa lugha ile, akalizungukazunguka, akatoa alichopata. Afisa hakutabasamu. Alifunua ukurasa mwingine.

"Na huyu unayesema ndiye mume wako, katika ujumbe wote hujamwita mume hata mara moja. Unamwita Bosi. Alikuwa mwajiri wako?"

Fundi akacheka tena, safari hii kwa woga. Afisa akaandika kitu.

Bosi ndiye mumewe wa ndoa. Alikuwa na mwaka wa nne ng'ambo, kwenye kiwanda cha mikate, na jina la Bosi alipewa na Fundi mwenyewe wakati wa uchumba, kwa vile alivyopenda kuamuruamuru. Walioana alipokuja likizo, wakakaa pamoja wiki tano, akarudi kazini. Kuanzia hapo ndoa yao ikawa ya simu. Fundi alibaki kwa mama mkwe, nyumba moja na Dereva, akishona sare za shule chumba cha mbele, akingoja viza ya mwenza kama mgonjwa anavyongoja kuitwa na daktari.

Fomu zilitaka ushahidi kwamba ndugu wa mume wanamtambua. Kwa moyo mweupe kabisa alichapisha ujumbe wa mama mkwe na wa shemeji, akaupeleka kwa mtafsiri mwenye muhuri. Mtafsiri naye, kwa uaminifu wa kazi yake, akatafsiri neno kwa neno.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita kwenye barua pepe ya Bosi. Alipiga simu mchana, mashine zikinguruma nyuma yake, akamsomea polepole.

"Uhusiano wa waombaji hauaminiki. Mwombaji anaishi nyumba moja na mwanamume anayemwita mume. Alipoulizwa jambo hilo, mwombaji alicheka." Akasonya. "Hawa watu hawana akili. Wewe mke wa Dereva? Dereva huyu huyu niliyekuwa namfuta kamasi?"

"Nisamehe, Bosi. Mimi ndiye niliyezipeleka zile karatasi."

"Wewe una kosa gani? Tunakata rufaa."

Fundi alikata simu akiwa amepata nguvu. Mume alikuwa upande wake, hayo mengine yangejipa.

Wakili wa kule aliagiza mambo mawili. Dereva aape kwa maandishi kwamba hana ndoa wala mapenzi na mke wa kaka yake, kisha ahame. Dereva akaenda mahakamani akiwa amevaa sare ya kazi, akaapa, akarudi na karatasi yake ameikunja mara nne. Jumamosi hiyo akahamia kwenye vyumba vya wafanyakazi wa hospitali. Tangu hapo akawa anamwamkia Fundi akiwa mlangoni, "Habari za kazi, shemeji," macho chini, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Mama mkwe alilalamika kwamba nyumba yake imegeuzwa ofisi. Fundi alikazana kushona na kukohoa kikohozi cha uongo ili asionekane analia.

Mwezi wa tatu wa rufaa, Bosi aliacha kupiga kila siku. Akipiga anauliza hali ya mama, hali ya hewa, kwaheri. Mwisho Fundi akamtumia ujumbe: "Bosi, kuna nini? Niambie hata kama ni kibaya."

Akapiga papo hapo.

"Wakili amenipa nakala ya faili," alisema. "Nimeusoma ujumbe wenu wote."

"Si nilikusomea kabla sijaupeleka? Ukacheka mpaka ukapaliwa."

"Ulinisomea kwa Kiswahili. Humu umeandikwa kwa lugha yao." Alikohoa. "Kwa lugha yao hauchekeshi, Fundi. Sikiliza. 'Mke wangu, umeamkaje, homa imeshuka?' 'Imeshuka mume wangu, ahsante kwa dawa, bila wewe ningekufa.' Hiyo homa mimi niliisikia wiki moja baadaye."

"Sikutaka uhangaike ukiwa mbali."

"Yeye akahangaika."

"Alikuwa karibu. Anaendesha gari la wagonjwa, Bosi, ulitaka nimwite nani?"

"Sijui. Nimesoma mara tatu, nikitafuta mahali unapoonekana mke wangu. Sijapaona."

Fundi alikaa kwenye benchi la wateja.

"Uliza unachotaka kuuliza," alisema.

"Usinifanye nikuulize."

"Uliza."

"Mlishawahi?"

Angeweza kuapa. Angeweza kumtukana, na baadaye alijilaumu kwa nini hakumtukana. Alisema hapana mara moja, kwa sauti ndogo, na hata yeye mwenyewe aliisikia ilivyofanana na ya mtu anayeficha. Bosi akasema sawa. Aliisema kama anavyosema mtu aliyepewa chenji pungufu akaona aibu kurudi dukani.

Wiki zilizofuata Fundi alishona mikono ya kushoto upande wa kulia wa sare, akafumua, akarudia. Alimwandikia kila asubuhi. "Mume wangu, umeamkaje." Alijilazimisha kulitumia neno lile, na kila alipoliandika liliona haya. Bosi alijibu, "Salama." Dereva naye akaacha kabisa kuja, hata kumwona mama yake. Fundi akawa anaumia kwa watu wawili kwa mpigo, na hakuwa na wa kumweleza, kwa sababu wa kumweleza mambo ya Bosi alikuwa Dereva, na wa kumweleza mambo yote mengine alikuwa Bosi.

Siku ya jibu la rufaa, Bosi alimtumia barua yenyewe. Fundi akakimbilia kwa mtafsiri yule yule mwenye muhuri, akaomba asomewe papo hapo kaunta. Rufaa imekubaliwa. Kiapo cha shemeji kimepokelewa. Maafisa wameridhika kwamba ndoa hii ni ya kweli na kwamba waombaji wanakusudia kuishi pamoja.

Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za jengo.

"Umeona, Bosi? Wameridhika."

"Nimeona. Hongera."

"Hongera ya nani? Yetu wote. Wao wameamini. Na wewe?"

Kule nyuma mtu alikuwa anasukuma toroli, magurudumu yakilia.

"Njoo tu," alisema Bosi. "Ukifika tutaongea."

"Naomba unijibu nikiwa huku, kwa watu wangu."

"Nataka kuamini. Najaribu kila siku. Basi, huo ndio ukweli."

"Kule nitakuwa na nani zaidi yako?" Machozi yalikuwa yanamtoka, na watu waliokuwa wanapanda ngazi walimkwepa. "Nikichelewa dukani utaniuliza. Nikicheka na jirani utaniuliza. Hata usiponiuliza nitakuona unajizuia kuuliza. Siji, Bosi."

"Usiamue kwa hasira."

"Laiti ingekuwa hasira."

Alikata. Bosi alipiga mara mbili, ya tatu hakupiga. Fundi akaenda nyumbani kwa miguu, njia nzima, akitembea kama anayetoka hospitali.

Mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona macho, akaweka beseni chini.

"Wamekunyima tena, mwanangu?"

"Wamenipa, mama."

Mama mkwe akainua mikono yote miwili, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, jina la mwanawe kwanza, kisha la mkwewe, kisha la wajukuu ambao hawajazaliwa. Fundi alisimama pembeni yake, akamwacha amalize.