Gauni Lililopigwa Bandi

Kila Jumamosi asubuhi, mara tu baada ya kupiga mswaki, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alimwaga sanduku lake lote kitandani. Sketi, blauzi, suruali, fulana na magauni vilirundikana hadi mto usionekane. Kisha vita vikaanza. Alivaa sketi ya buluu akaivua, kwa sababu ilikuwa fupi kupita kiasi. Alivaa suruali ya kahawia akaivua, kwa sababu zipu yake ilikuwa mbovu. Blauzi ya maua ilikosa vifungo viwili. Gauni la pinki lilikuwa la sherehe, na nani huenda kupaka ukuta rangi na gauni la sherehe? Ikifika saa mbili na nusu, chumba kizima kilikuwa nguo tupu na mwenyewe hana cha kuvaa.

Siku nyingine za juma hakuwa na taabu, kwa kuwa sare ya shule haimwulizi mtu anataka nini. Taabu ilikuwa Jumamosi, siku ya vikundi, wanafunzi walipokwenda shuleni na nguo za nyumbani.

Huko shuleni walimwita Mgeni. Alikuwa amehamia miezi mitatu iliyopita, mama yake alipopata kazi ya mbali na kumwacha kwa mama mkubwa, dada wa mama huyo. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu kuendelea kuitwa mgeni, lakini jina likishaganda, limeganda. Nasi tumwite hivyo hivyo, maana mwenyewe aliliitikia.

Mama mkubwa alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Alikuwa mwema, hilo halina ubishi. Alimpikia vizuri, na kila usiku kabla ya kulala alihakikisha shuka limemfunika miguu. Ila alikuwa na kasoro moja: tangu asubuhi hadi jioni alibana pini midomoni. Ukimwuliza kama umependeza, anajibu, "Mm." Ukimwuliza kama sukari imekwisha, "Mm." Ukimwambia umeongoza darasa zima katika hesabu, unapata "Mm" ya tatu, pamoja na kutikiswa kichwa. Mgeni alikuwa ameacha kumwuliza chochote.

Mama yake hakuwa hivyo. Kila Mgeni alipotaka kutoka, mama alisimama mlangoni akamwambia, "Geuka nikuone." Mgeni aligeuka, mama akamweka kola sawa, akasema, "Haya, nenda." Yalikuwa maneno machache tu, lakini akishayasikia alitoka nje bila kujifikiria tena. Sasa hakuna aliyemwambia ageuke. Hilo ndilo lililomuuma kila Jumamosi, ingawa yeye alidhani ni zipu na vifungo.

Jumamosi mbili mfululizo alisingizia kuumwa kichwa, akabaki chumbani na rundo lake. Aliwasikia wenzake wakipita nje kwa vicheko, hakuna aliyemgongea. Alijihisi mpweke.

Jumatatu iliyofuata, msichana mmoja aliyeitwa Miwani, kwa sababu miwani yake ilikuwa kubwa kuliko uso wake, alimsogelea kwenye bomba la maji.

"Wewe Mgeni, si uko kikundi cha uchoraji?"

"Niko."

"Mbona hatukuoni? Tunachora ndege kwenye ukuta wa maktaba. Kila mtu ana mwenzake isipokuwa mimi na mvulana mmoja. Jumamosi njoo tushirikiane."

"Nitakuja," Mgeni alisema haraka, kabla Miwani hajabadili mawazo.

"Usipokuja, mwalimu amesema ataniunganisha na yule mvulana anayeimba wakati wote. Nitapata wazimu. Usinitupe!"

Juma zima Mgeni alitembea na moyo mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, kulikuwa na mtu aliyemsubiri mahali fulani.

Jumamosi ikafika. Sanduku likamwagwa, vita vikaanza, na saa mbili na nusu ikamkuta amekaa katikati ya nguo, machozi yakimlengalenga. Mama mkubwa alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Mgeni alipita karakanani akitafuta angalau pini ya kufungia suruali yake. Hapo ndipo alipoliona.

Lilikuwa gauni la kijani kilichokolea, jepesi, la mikono mifupi, limetundikwa peke yake karibu na dirisha. Alijua ni la mteja, muuguzi mmoja mwembamba asiyemzidi yeye kimo kwa sana. Alijua pia kwamba muuguzi angekuja saa kumi jioni. Sasa hivi ilikuwa saa tatu kasoro. Atakwenda, atapaka rangi kwa uangalifu, saa sita litakuwa limerudi kwenye henga yake. Nani atajua?

Alilivaa. Lilimkaa kama alilopimiwa. Kitu kimoja tu kilimkera: vijiuzi vyeupe vilivyochungulia kwapani na kiunoni, kila kimoja na fundo lake. Mgeni alidhani mama mkubwa amesahau kuvisafisha. Alichukua mkasi akavikata, fundo baada ya fundo, akatoka mbio.

"Umekuja!" Miwani alipiga kelele kutoka juu ya benchi. "Na umependeza kweli. Gauni jipya?"

"Ndiyo," Mgeni alisema.

"Lako?"

"Langu. Nimeshonewa."

Uongo huo ulitoka kirahisi, akashangaa mwenyewe. Alipewa brashi na kopo la rangi ya manjano, akapanda benchini, mkono mmoja ukishikilia gauni mbali na rangi. Walianza na miguu ya ndege, wakacheka, kwa sababu Miwani alikuwa amechora vidole sita. Wakapanda hadi mbawa. Saa nzima ilipita na Mgeni hakukumbuka kwamba ni mpweke.

"Malizia pale juu, wewe una mkono mrefu," Miwani alimwambia.

Mgeni alinyoosha mkono. Alisikia sauti ndogo ubavuni, kru, kru, kru. Aliutazama upande wake na kuona gauni likiachana lenyewe, taratibu, kutoka kwapani hadi kiunoni. Aliushusha mkono kwa hofu, na brashi ikamgusa nyongani ikaacha doa la manjano, kubwa kama kifuniko cha soda. Nyuma yake mtu aliangua kicheko, akafuata wa pili, kisha ukuta mzima ukacheka.

Miwani hakucheka. Alivua sweta lake akamvika, akamshusha benchini.

"Twende nikusindikize."

"Hapana. Niache," Mgeni alisema, akakimbia peke yake na sweta la watu.

Alipofika nyumbani mama mkubwa alikuwa bado hajarudi. Alilivua gauni, akalisugua doa kwa maji na sabuni mpaka vidole vikamuuma. Rangi ilipungua lakini haikutoka. Alijaribu kuunganisha ubavu kwa sindano, akajidunga mara mbili, kitambaa kikakunjamana. Basi akalikunja, akalisukuma chini kabisa ya sanduku, akatupia nguo zake zote juu na kulikalia.

Saa kumi kamili muuguzi aliingia karakanani akitabasamu. Mgeni alimsikia kupitia mlango wa chumba.

"Fundi, nimekuja kujaribu. Kesho ndiyo mahafali yangu! Miaka mitatu nimesoma huku nafanya kazi za zamu. Sijawahi kushona nguo ya kwangu mwenyewe tangu nianze masomo."

Mama mkubwa alitafuta kwenye henga. Akatafuta nyuma ya mlango, chini ya meza, ndani ya kapu la vipande. Mgeni aliusikia mkono wake ukipekua, kila sehemu mara mbili. Mwishowe sauti ya mama mkubwa ikasikika, bila pini hata moja.

"Dada, sijui niseme nini. Sijapoteza nguo ya mtu tangu nianze kazi hii. Lakini gauni lako silioni. Kosa ni langu. Nitakaa kwenye cherehani hii mpaka kesho, nitakushonea jingine."

"Kitambaa chenyewe kilikuwa cha mwisho dukani," muuguzi alisema, na tabasamu lote likaisha sautini.

Mgeni aliyakalia maneno yale pamoja na sanduku. Kosa ni langu, mama mkubwa alikuwa amesema, na hakuwa na kosa lolote. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini angeishije nyumba moja na mtu aliyejitwisha aibu yake? Alijikaza, akafungua sanduku, akalitoa gauni na kuingia nalo karakanani, likiwa limekunjamana mikononi mwake.

"Si kosa la mama mkubwa," alisema. "Mimi ndiye niliyelichukua. Nililivaa kwenda shuleni, nikasema ni langu. Likachanika, nikalimwagia rangi, nikalificha. Naomba mnisamehe."

Alitegemea kofi, au angalau makelele. Mama mkubwa alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akalichunguza ubavu.

"Halikuchanika," alisema. "Lilikuwa limepigwa bandi. Hivi ni vishono vya muda, vya mkono, vya kumjaribishia mteja kabla ya kushona kwa cherehani. Mafundo yake yako wapi?"

"Niliyakata. Nilidhani umesahau kuyasafisha."

Muuguzi aliziba mdomo. Hakuna aliyejua kama anataka kulia au kucheka, labda yote mawili. "Yaani umekwenda shuleni na gauni lililoshikwa na uzi wa bandi, tena ukaukata uzi wenyewe?"

"Ndiyo, shikamoo," Mgeni alijibu kwa kuchanganyikiwa, na hapo muuguzi akacheka kweli.

Mama mkubwa hakucheka. Alimwonyesha mteja doa bila kulificha. "Hili halitatoka. Naweza kuweka mfuko juu yake, na wa pili upande wa pili ili ilingane. Ukikataa, una haki, nitakutafutia kitambaa kingine alfajiri."

"Mifuko?" Muuguzi aliinua nyusi. "Magauni yangu yote hayana pa kuweka hata leso. Weka mifuko, fundi."

Mgeni hakuruhusiwa kuondoka. Mama mkubwa alishona, yeye akachomoa nyuzi za bandi mojamoja na kupiga pasi. Jua lilipotua gauni lilikuwa tayari, lenye mifuko miwili mizuri, na muuguzi akaondoka nalo.

"Sasa leta sanduku lako," mama mkubwa alisema.

Mgeni alilileta, akijua mambo yamemfika. Mama mkubwa alikaa chini sakafuni.

"Ulikuwa na nguo zote hizi, ukachukua ya mtu. Kwa nini?"

"Hakuna inayofaa." Kisha Mgeni akasema lile ambalo hakujua kama analijua. "Na hakuna wa kuniambia kama nimependeza. Mama alikuwa ananiambia nigeuke. Hapa nikiuliza, unajibu mm."

Mama mkubwa alipapasa midomo yake kana kwamba pini bado zipo.

"Hilo ni langu, mwanangu," alisema polepole. "Nilidhani mtoto akishiba na akilala vizuri, mambo yake yako sawa. Ulipaswa kuniambia, lakini nami nilipaswa kuwa na mdomo wa kukujibu. Nisamehe. Haya, tuanze. Jumamosi huwa unafanya nini?"

"Napaka rangi. Napanda benchini."

"Basi usiniulize ipi nzuri. Vaa, halafu chuchumaa, kaa, nyoosha mikono juu. Nguo itakayokubali yote hayo ndiyo yako."

Walizijaribu zote. Mgeni alichuchumaa na kunyoosha mikono mpaka wote wawili wakacheka. Sketi fupi ilitengwa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Suruali ya kahawia ilipata zipu mpya palepale. Blauzi ya maua ilishonwa vifungo, na safari hii Mgeni ndiye aliyeshika sindano. Gauni la pinki lilirudishwa sandukuni kungoja sherehe. Mwishowe zilibaki nguo chache tu, nazo ziliingiliana: suruali ya kahawia ilikubaliana na blauzi ya maua na pia na fulana nyeupe, na ile blauzi ilikubaliana pia na sketi ndefu nyeusi. Mama mkubwa alitundika kila seti kwenye henga moja, juu na chini pamoja. Moja ya kazi, moja ya kutembea.

"Kila Ijumaa ukifua sare, zikague hizi," alisema. "Kifungo kikilegea, kishone siku hiyo hiyo. Na nikwambie jambo moja, mwanangu. Nguo ya kutegemea ni ile ambayo ukishaivaa unaisahau, ukashughulika na mambo yako. Leo hukuweza kulisahau lile gauni hata dakika moja, kwa sababu halikuwa lako. Uongo nao ni hivyo hivyo, umepigwa bandi. Unakaa vizuri mpaka unyooshe mkono."

Jumatatu Mgeni alimrudishia Miwani sweta lake, limefuliwa na kupigwa pasi. "Lile gauni halikuwa langu," alimwambia. "Nilikudanganya." Miwani aliisukuma miwani yake juu ya pua, akafikiri.

"Mkono mrefu bado ni wako, lakini?"

"Wa kwangu."

"Basi Jumamosi, saa tatu. Ndege bado hana kichwa."

Jumamosi hiyo kitanda kilibaki kimetandikwa. Mgeni alichukua henga ya kwanza, akavaa suruali ya kahawia na fulana nyeupe, akapita karakanani kimyakimya kama alivyozoea. Mama mkubwa alikuwa ameinamia kitambaa, pini zimejaa midomoni. Mgeni alikuwa ameshashika kitasa cha mlango aliposikia pini zikimwagwa mezani, zote kwa pamoja.

"Wewe!" mama mkubwa aliita. "Geuka nikuone."

Mgeni aligeuka taratibu sana, kwa sababu hakutaka jambo hilo liishe upesi. Mama mkubwa alimweka sawa shingo ya fulana, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Haya, nenda," alisema. "Unangojewa."