Ndoo ya Saba

Ujumbe ulimkuta mjaza maji akiwa ameinua ndoo ya sita.

Simu yake, Nokia ndogo ya tochi, ilitetemeka mara mbili kiunoni. Hakuitazama. Alimalizia kumimina maji kwenye tangi, akaweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye aproni. Ndipo akasoma.

*Shangazi kazidiwa. Yuko nanyi. Asifike mtoni.*

Akaufuta ujumbe.

Katika idara ya usalama aliyoifanyia kazi, shangazi maana yake ni baruti. Kilo kumi na nane za baruti ya kupasulia miamba zilikuwa zimeibwa machimboni wiki mbili nyuma. Sasa zilikuwa humu, ndani ya msafara huu, na msafara ulikuwa unaelekea darajani.

Huko darajani, saa saba mchana, wakuu wa nchi mbili walikuwa watie saini mkataba wa kugawana maji ya mto. Msafara wa wacheza gofu ulikuwa umealikwa kupita mbele yao kwa bendera na honi, bila kukaguliwa. Wastaafu watupu. Nani ahangaike kumpekua bibi wa miaka sabini na moja na fimbo zake za gofu?

Lakini walikuwapo watu walioutaka mto wote peke yao. Kwao ilikuwa rahisi zaidi kuuzika mkataba pamoja na waliosimama juu ya daraja.

Kazini walimwita Chiriku. Jina la utani hilo. Chiriku ni ndege wa kelele, na yeye hasemi. Kwa siku sita alikuwa mjaza maji wa msafara na mbeba mfuko wa fimbo. Karavani tano, kila moja ikivutwa na Land Cruiser yake, zilikuwa zimepita mashamba ya miwa, migomba na minazi, zikilala kila siku kwenye uwanja mwingine wa gofu. Asubuhi walicheza, mchana walisafiri. Idara ilimpachika humo kwa sababu ya tetesi tu.

Sasa tetesi ilikuwa na uzito wa kilo kumi na nane.

Akainua ndoo ya saba. Maji yakafurika, yakamlowesha miguu.

Tangi limejaa.

Ajabu. Kila tangi lilikula ndoo kumi na moja za lita tano, asubuhi zote. Akili yake ilikuwa kwenye ujumbe. Alidhani Mwalimu, bibi wa karavani hii, hakuoga jana, akakaza kifuniko, akakifunga kwa ufunguo.

"Mjukuu," sauti ilimwita dirishani.

Alikuwa Mzee, mume wa Mwalimu. Karavani hii ilikuwa yao. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu safari ianze, kwa hiyo yeye hachezi. Hushinda kwenye benchi la dirishani na redio yake, akiwatania wapita njia. Alimuuliza kama mkewe ameshatoka na ule mfuko wa fimbo za gofu. Chiriku akamjibu ndiyo.

"Mke wangu ana waume wawili," alisema Mzee. "Huyo wa ndani ya mfuko ndiye anayetembezwa."

Chiriku alijilazimisha kutabasamu.

"Mwambie leo asitegemee huruma. Siku Kapteni wetu wa msafara atakapomwachia mtu shibiri moja ya bure, mpimeni homa."

*

Leo ilikuwa fainali. Mwalimu dhidi ya Kapteni, mashimo tisa.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mfupi, mkavu, mwenye pigo fupi lililonyooka kama rula. Kapteni ndiye aliyeongoza msafara na kushika funguo za akiba za kila kitu. Alikuwa na saa ya Omega, viatu vyeupe, na sifa moja tu iliyojulikana na wote: ubahili wa mchezo. Kwenye gofu ya wawili, mpira wa mwenzako ukiwa puani mwa shimo, waungwana husema "chukua," ukahesabiwa kwamba umeingia. Kapteni hasemi. Siku ya pili alimfanya daktari wa watu, mwenye mgongo mbovu, ainame kusukuma mpira uliobakiza kidole.

Chiriku alitembea nyuma yao, mfuko begani. Ndani ya mfuko, kwenye ala ya mwavuli, ilikuwamo bastola, Glock. Ndani ya sikio, kinasa mawimbi kidogo kama punje ya mtama.

Alimtazama kila mtu, na kila mtu akamtisha. Madereva watano waliofuata mchezo kwa miguu. Daktari. Mtunza uwanja na toroli lake.

Alijifanya anafunga kamba ya kiatu, akamnong'oneza mkuu wake wa kazi.

"Mjomba. Chiriku hapa."

"Sema."

"Nimesoma. Nani?"

"Hatujui. Tunajua walinunua rimoti ya geti, wakaibadilisha. Inafika hatua mia nne. Ukimshtua, atabonyeza."

"Wategua mabomu?"

"Dakika hamsini."

"Mjomba, naogopa."

"Na mimi," ilisema sauti. "Endelea."

Kwenye shimo la sita, Mwalimu alikuwa nyuma kwa shimo moja. Alisimama akingoja Kapteni apige, akaanza kunung'unika kwa sauti ya chini, kama wanavyonung'unika watu wanaoheshimiana na mbeba mfuko wao. Alisema jana alikuwa na povu kichwani tangi likakauka. Hata tone. Ikabidi amalizie kwa chupa ya maji ya kunywa ya Mzee, na mpaka sasa alihisi sabuni sikioni.

Chiriku aliacha kufuta mpira.

Tangi lilikuwa kavu. Tangi kavu likashiba kwa ndoo saba.

Ndoo nne za nafasi zilikuwa zimekaliwa na kitu kingine.

Na tangi lilikuwa chini ya benchi la dirishani. Mzee alikuwa amelikalia.

Alitaka kutupa mfuko akimbie. Miguu ilikuwa tayari. Lakini mwenye rimoti angemwona akikimbia, angejua, na kidole kingemaliza kazi kabla hajafika. Akabaki amesimama. Kitambaa cha kufutia mipira alikishika kwa nguvu hadi kikatoa maji.

Kifuniko cha tangi kina kufuli. Ufunguo mmoja anao yeye.

Wa akiba anao Kapteni.

Hiyo peke yake haikutosha. Ufunguo huibwa.

Shimo la saba. Mpira wa Mwalimu ulisimama hatua tatu kutoka kwenye bendera. Hatua tatu, kwenye mteremko. Mwalimu aliinama kuusoma mteremko ule, kwa utaratibu wake wa siku zote, kushoto, kulia, tena kushoto.

Kapteni akatazama Omega.

"Chukua," alisema.

Madereva walicheka, wakadhani ni dhihaka. Kapteni hakucheka. Alikuwa ameshaokota mpira wake na kugeuka kuelekea shimo la nane, kwa hatua ndefu, na mkono wa kulia mfukoni mwa suruali.

Siku sita mkono ule ulikuwa nje, ukipungia watu, ukielekeza madereva. Leo, kila asiposhika fimbo, ulikuwa mfukoni.

*Mpimeni homa,* Mzee alisema.

Hii haikuwa homa. Mtu huyu alikuwa na miadi darajani, na Mwalimu alikuwa anamchelewesha. Msafara ukipita darajani, yeye asingekuwa ndani yake. Angefuata nyuma kwa mbali, kwa kisingizio chochote, na hatua mia nne zake.

Shimo la nane Kapteni alisema "chukua" tena. Hatua nne. Sasa Mwalimu alikuwa mbele kwa moja, na uso wake haukuwa na furaha hata kidogo. Ulikuwa uso wa mwalimu aliyeletewa insha iliyoandikwa na mzazi.

"Mtoto huyu ananificha kitu," alisema, macho yakiwa kwa Kapteni.

Ndipo Chiriku akaamua. Alipiga goti kufuta mpira wa Mwalimu, akauelekeza mkono kwenye bendera ya tisa kana kwamba anaonyesha upepo. Mbeba mfuko kumnong'oneza mchezaji ni kazi yake. Hakuna aliyegeuka.

"Mwalimu," alisema. "Mimi ni mtu wa usalama. Mchezo ukiisha Kapteni atakupa mkono. Ukishaushika, usiuachie. Hata akuumize."

Mwalimu hakumtazama.

"Mzee wangu yuko salama?"

"Hapana."

Bibi akavuta pumzi moja. Akachagua fimbo mwenyewe.

*

Shimo la tisa lilikuwa karibu na karavani. Hatua mia moja hivi. Redio ya Mzee ilisikika, na kichwa chake chenye mvi kilionekana dirishani, kikiyumba kidogo kufuata muziki.

Mpira wa Mwalimu ulitua hatua tatu kutoka shimoni. Wa Kapteni ulikuwa nyuma zaidi.

"Chukua, Mwalimu. Umeshinda," alisema Kapteni. "Twendeni, daraja halitungoji."

Kisha akafanya kosa ambalo mtu asiyejua gofu asingelifanya.

Alikuwa na miaka ishirini kwenye mchezo huu. Anayeshindwa hutangulia kuvua kofia na kutoa mkono wa kulia. Mwili wake ulifanya hivyo wenyewe, mbele za watu, kabla kichwa hakijafikiri. Kofia ikaja mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni, mtupu.

Mwalimu akaupokea kwa mikono yake yote miwili.

Chiriku alitupa mfuko, akachomeka mkono kwenye suruali ya Kapteni kama mwizi wa stendi.

Plastiki. Kidogo. Chenye kitufe.

Kofia ilianguka. Ngumi ya kushoto ikamfikia Chiriku shavuni, dunia ikawa nyeupe, na kile kitu kikamponyoka. Kikaruka. Kikadunda kwenye majani yaliyokatwa kwa wembe, mara moja, mara mbili, kikateleza kwenye mteremko.

Kikatumbukia shimoni.

Chiriku alifumba macho. Alingoja mlio.

Redio ya Mzee iliendelea kuimba.

Akafumbua macho, akajitupa kifudifudi juu ya shimo, akaliziba kwa tumbo. Nyuma yake Kapteni alikuwa anavuta, anapinda, anasukuma. Kitu kilisikika kikivunjika, kama penseli. Kilikuwa kidole cha Mwalimu. Hakulia wala kuachia. Alikuwa amezamisha visigino ardhini, mwili ule mdogo wote ukiwa umening'inia kwenye mkono wa mwanamume yule kama kufuli.

Chiriku akaufikia mfuko. Ala ya mwavuli. Glock.

"Piga magoti," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini mtutu haukuwa mwembamba.

Kapteni alimtazama aproni, akamtazama viatu vilivyolowa.

"Wewe?" alisema, kwa mshangao wa kweli. "Mjaza maji?"

"Ndoo saba," alijibu. "Hukujua kwamba nahesabu."

Madereva, waliokuwa wamekauka kama nguzo, walielewa mtutu kabla ya maneno. Chiriku aliwaambia wamfunge kwa mikanda ya mfuko, wao na daktari wasitoke hapo, na mtu yeyote asisogelee karavani. Akachokonoa rimoti kutoka shimoni kwa vidole viwili, akafungua mgongo wake, akatoa betri. Betri ya saa. Ndogo kuliko kishikizo cha shati.

"Mjomba. Ninayo rimoti. Mzigo uko tangini, karavani ya tatu."

"Usiuguse. Kaa mbali."

"Kuna mtu juu yake."

Akakata mawasiliano.

Hatua mia moja. Alizitembea zote, kwa sababu miguu ilikataa kukimbia. Huenda kulikuwa na waya mwingine ndani ya lile tangi. Huenda lilikuwa na saa yake. Hakuna aliyejua.

Mzee alimwona uso.

"Mjukuu, umepigwa na mpira?"

"Nimepigwa, Babu. Mwalimu ameshinda. Anataka umwone akipiga mpira wa mwisho."

Aliinuka kwenye benchi polepole, kama wanavyoinuka wenye miguu iliyovimba. Benchi lililia. Chiriku akamsogelea. Akampa bega. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Majani.

Walitembea kwa mwendo wa Mzee, na mwendo wa Mzee ulikuwa wa kobe. Alisimama mara mbili kupumua. Mara ya pili alianza kusimulia jinsi alivyomposa Mwalimu, na Chiriku akamwacha asimulie, huku ngozi ya mgongo wake yote ikisikiliza nyuma.

"Mbona mkono wako baridi hivi?"

"Maji, Babu. Nimeshinda kwenye maji."

Mzee aliongeza mwendo, akiuma midomo kwa maumivu, na hakusimama mara ya tatu.

*

Wategua mabomu walifika kwa dakika arobaini na nne. Walimwaga maji, wakatoa vifurushi vilivyofungwa kwa nailoni nyeusi, kimoja kimoja, kama wakunga. Hakukuwa na saa wala waya wa pili. Kapteni alipakiwa kwenye gari lisilo na namba, viatu vyake vyeupe vikiwa na majani. Saa saba na robo, redio ya Mzee ilitangaza kwamba mkataba umetiwa saini.

Mwalimu alikuwa amefungwa vidole viwili pamoja kwa bandeji. Alimsukuma daktari pembeni, akaiokota fimbo yake.

"Mpira wangu uko pale pale," alisema. "Sipokei zawadi ya mtu yule."

Akainama kuusoma mteremko. Kushoto, kulia, tena kushoto. Mzee, aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, alimwambia huyo mume mwenzake wa mfukoni asimwangushe bibi leo.

Chiriku hakungoja kuona. Alivua aproni, akaikunja juu ya ndoo, akashika njia ya lango. Nyuma yake alisikia mpira ukigongwa, kisha kimya kirefu, kisha Mzee akicheka hadi akakohoa.

"Chiriku," ilisema sauti sikioni. "U mzima?"

"Mzima, Mjomba."

"Kuna kazi nyingine kaskazini. Gari linakusubiri barabarani."

"Naja."

Walinzi wa lango walimwona akipita bila haraka, kichwa juu, mikono yote miwili mifukoni. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba dada yule hana hofu kabisa.

Mikono aliitoa gari lilipoanza kwenda. Ilikuwa bado inatetemeka.