Ripoti ya Chatu

Kantini ilikuwa imefurika saa ya chakula cha mchana, na soketi iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja tu. Mwandishi wa programu wa ghorofa ya nne, dada wa gauni la kijani na raba nyeupe, alifika na kompyuta inayokata roho akakuta kaka mmoja mrefu, shati la mistari, ameshachomeka ya kwake.

"Kaka, nisaidie. Nimebakiwa na asilimia tatu."

"Mimi nina mbili." Hata hivyo alichomoa. "Haya, chomeka. Unaandika kwa lugha gani?"

"Java."

"Mama yangu! Ile ya kutia kila kitu kufuli?"

"Na wewe?"

"Python."

"Ahaa, Chatu! Ninyi mnaweka kistari mbele ya jina la kitu, eti ni siri. Mtu akitaka kuingia, si anaingia tu?"

"Anaombwa asiingie. Sisi ni watu wazima."

"Watu wazima ndio wanaoingia!"

Walicheka mpaka chakula kikapoa. Tangu siku hiyo, tarehe kumi na mbili, kaka akawa Chatu na dada akawa Kufuli. Simu hazikukatika. Asubuhi ilikuwa "Umeamkaje, Kufuli wangu?" na mchana ubishi wa urithi, maana klasi ya Java, kiolezo cha kuundia vitu ndani ya programu, hurithi klasi moja tu, ya Python hata tatu.

"Mtoto wa wazazi watatu, akiitwa na wote ataanza kwa nani?" Kufuli alimchokoza.

"Kuna foleni, mpenzi. Hata mapenzi yana foleni."

Jambo moja liliwatia wote tumbo joto. Kampuni ilitaka kujenga mfumo wa kuandikisha wagonjwa, na tangu mwanzo wa mwezi bosi alikuwa amewaagiza kila mmoja aandike ripoti ya kulinganisha Java, Python, PHP na JavaScript. Ingechaguliwa lugha moja na mwenye nayo angeongoza ujenzi; ambaye lugha yake ingeachwa, mkataba wake usingeongezwa. Wakakubaliana kutoonyeshana.

Mwisho wa mwezi bosi aliwaita. "Ni Java. Hata huyu wa Python kasema hivyo hivyo."

Nje ya mlango Kufuli alimgeukia Chatu. "Umenionea huruma?"

"Hapana, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Nimeipigania kazi hii mwezi mzima, halafu unanipa kama zawadi. Sasa nitajuaje kama nilishinda?"

Siku nne Kufuli hakupokea simu zake. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Kila alipokalia kiti kipya cha kiongozi, aliona kama amekalia cha mtu.

Siku ya tano alisikia Chatu anafungasha vitu vyake ghorofa ya sita. Akafungua hazina ya mafaili ya kampuni, ambako kila badiliko hubaki na tarehe yake. Ripoti ya Chatu ilikuwa humo, ya tarehe tano: "Kwa siri za wagonjwa, Java. JavaScript imejifunza kufunga juzijuzi, Python inaomba tu. PHP inafunga, lakini Java humkamata mkosaji kabla programu haijaanza."

Tarehe tano! Wiki nzima kabla ya soketi.

Badiliko lilikuwa moja tu, la tarehe kumi na tatu. Chatu alikuwa ameongeza: "Java ina maneno mengi mno. Inachosha."

Kufuli alipanda ngazi mbio, raba zikilia.

"We mtu! Tumekutana leo, kesho yake unaniponda?"

Chatu aliweka boksi chini. "Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshakupenda. Niliogopa moyo usije ukaipendelea Java, nikaitafutia kosa. Nikapata hilo moja."

"Si ungeniambia!"

"Ulipokea simu?"

Kufuli alijifuta machozi kwa kiganja. "Nisamehe. Nilikukosea."

"Nimeshasamehe. Kazi sina, pete sina. Ila nataka kukuoa."

"Iandike. Iwe na tarehe, usije ukakana."

Chatu alifungua kompyuta. Asilimia mbili. Kufuli alichomoa printa ya ofisi iliyokuwa katikati ya kuchapa, akamchomekea.