Abiria wa Pikapu ya Buluu

Likizo ya Agosti ilipoanza, Mokeira alipewa kazi yake ya siku za soko: kushika ncha ya turubai. Baba yake, Anyona, alipanga mikungu ya ndizi nyuma ya pikapu, naye mama yake, Orpah, akatandika majani makavu ya mgomba kati ya mkungu na mkungu. Kisha turubai lilivutwa juu ya mzigo, likateremshwa nyuma mpaka karibu liguse barabara, na kufungwa kwa kamba kila upande. Anyona hakuwa na mzaha na kamba hizo. Wanunuzi wa Daraja Mbili, lile soko kubwa la mjini Kisii, walikuwa watu wa kuchagua kweli kweli. Ndizi ikiwa na vumbi au mchubuko, waliikunjia pua kana kwamba wameonyeshwa mzoga.

Mzigo ukishafungwa, wote waliingia mbele na kupandisha vioo. Asubuhi za Agosti pale Ekerenyo ni za ukungu na baridi ya kuuma vidole, na hakuna mtu mwenye akili zake anayesafiri kioo kikiwa wazi. Kioo cha nyuma ya kiti kilikuwa kimevunjika kona moja, lakini Anyona alikuwa ameiziba kwa gunia.

Pikapu hiyo aliipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Ndugu zake walimshauri washirikiane kununua lori dogo, yeye akakataa. Alikuwa ameiona pikapu ya buluu kule Ogembo, kwa mzee mmoja aitwaye Masese, na hakusikia la mtu. Tangu siku hiyo jirani yao Omwenga alimwuliza kila Sabato kwenye lango la kanisa, mbele za watu, "Anyona, hujajuta bado?" Naye Anyona alijibu kwa kucheka kwamba hajawahi kumwona ng'ombe mtiifu kama yule wake wa buluu.

Lakini pikapu ilikuwa na historia. Mzee Masese alikuwa akiwasaidia majirani zake kwa gari hilo kuleta maiti nyumbani kutoka mochari. Katika nchi ya Wagusii si ajabu pikapu kubeba jeneza, na Anyona hakulitilia maanani jambo hilo. Mokeira, kwa upande wake, alilitilia maanani tangu siku ya kwanza. Kila alipoegemea kiti, aliwaza ni nani waliolazwa hapo nyuma.

Alhamisi ya kwanza ya likizo, walipopita mji wa Nyamira, alisikia wimbo. Ulikuwa chini sana na hauna maneno, kama wanawake wanaoimba kwenye matanga mlima wa pili. Kichwa kilianza kumgonga. Alimtazama mama yake, akamwona amejishika paji la uso, macho amefumba. Kufika karibu na Kisii, Orpah aliomba gari lisimame, akatapika kando ya barabara mpaka akaishiwa nguvu. Jioni waliporudi na gari tupu, hakuna aliyeumwa na chochote. Walikula mahindi ya kuchoma njia nzima, na Mokeira akajiambia kwamba wimbo ule ulikuwa masikio yake tu.

Jumatatu iliyofuata ulirudi. Safari hii baba yake alifunga breki ghafla, mikungu ikagongana nyuma.

"Mmemwona?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Anyona alisema mtu mwenye koti refu alikuwa amesimama katikati ya barabara. Alishuka, akainama kuchungulia chini ya gari, akatafuta mpaka mtaroni. Kulikuwa na ukungu tu na harufu ya majani ya chai. Alipoketi tena nyuma ya usukani aliendesha polepole mpaka Kisii, na Mokeira, ambaye hakuwahi kumwona baba yake akiogopa, hakuondoa macho barabarani.

Orpah alimweleza rafiki yake mmoja tu, tena kwa siri. Siri hiyo ilizunguka kijiji kizima kabla ya chakula cha jioni. Wenye migomba waliokuwa wakimpa Anyona ndizi awapelekee sokoni walianza kupata visingizio. Watoto walikimbia walipolazimika kupita karibu na pikapu. Omwenga hakuuliza tena swali lake kanisani, na kimya chake kilimchoma Anyona kuliko mzaha. Mokeira naye, alipokwenda kumfungua mbuzi aliyefungwa nyuma ya gari, alitembea bila kugeuza shingo, akiwa na hakika kwamba kuna mtu ameketi mle ndani anamtazama.

Mwishowe Anyona alikata kauli. Pikapu ingeuzwa. Alizungumza kwa simu na mtu wa Keroka, ambaye aliahidi kuja kuichukua Jumapili. Mokeira alikuwa karibu akiosha vyombo, na alisikia sauti ya mtu huyo ikitoka kwenye simu, sauti ya furaha, ikisema watoto wake sasa watapata usafiri wa shule.

"Tata," Mokeira alimwita baba yake alipokata simu, "utamwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kuhusu aliyemo ndani ya gari."

Anyona alichukua ndoo ya maziwa. "Mimi nani aliniambia?" akauliza, akaondoka kwenda kukama.

Jibu hilo lilimnyima Mokeira usingizi. Aliwaza wale watoto wa Keroka asiowajua, akawaona wameketi mahali pake, wakiusikia wimbo.

Jumatano Anyona alikwenda Ogembo kumkabili Mzee Masese, na Mokeira akaomba kuandamana naye. Gari lilikuwa tupu. Njia nzima hakuna aliyeimba. Mzee Masese aliwakaribisha kwa chai na ndizi za kuchemsha, akamsikiliza mgeni wake akifoka mpaka akamaliza.

"Mimi gari hilo sikulijutia hata siku moja," alisema kwa upole. "Nililiuza kwa sababu macho yangu yamechoka. Wafu niliwabeba, ndiyo, na waombolezaji waliketi nao hapo nyuma. Hakuna hata mmoja aliyenifuata nyumbani."

Mokeira alipiga moyo konde akamwuliza kama hakuwahi kusikia wimbo, au kuumwa na kichwa. Mzee alitikisa kichwa, akataka kujua wao hubeba nini. Aliposikia ni ndizi, alisema yeye kazi yake ilikuwa mawe ya kujengea, miaka yote.

"Na ulikuwa ukiyafunika na nini?" aliuliza Mokeira. Swali lilimtoka tu, kwa kuwa kufunika ndiyo kazi aliyoijua.

Mzee Masese alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, nani hufunika mawe?"

Wakati wa kurudi, Anyona alisema mzee huyo ni mwongo mwenye tabasamu. Mokeira alitazama nje. Maneno ya mzee yalikuwa yamemkwama kichwani kama mwiba, na hakujua kwa nini.

Alhamisi ilikuwa soko lao la mwisho. Orpah alikataa katakata kupanda gari, akabaki nyumbani. Ochoki, mdogo wake Mokeira aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa ameahidiwa viatu vya shule, kwa hiyo alipakatwa na dada yake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Turubai lilifungwa likakaza kama ngozi ya ngoma, vioo vikapandishwa mpaka juu.

Baada ya Nyamira wimbo ulianza. Mokeira alimkumbatia Ochoki na kumwimbia sikioni ili yeye asiusikie. Ochoki aliuliza mara moja kama wamefika, kisha akalala. Baadaye kichwa chake kiliteleza kutoka kwenye bega la dada yake, kikaning'inia. Mokeira alimwita. Alimtikisa. Alimfinya shavu, mtoto ambaye akiguswa tu hulia, na hakutoa hata sauti. Mokeira alimgeukia baba yake, akaona macho yake yamekuwa mazito na gari linakwenda upande.

Ndipo ule mwiba ulipochomoka. Nani hufunika mawe? Mawe hayafunikwi, na jeneza lenye watu wameketi kando yake halifunikwi. Wao wenyewe, wakirudi na gari tupu, hawafuniki chochote na hawaumwi. Yeyote aliyekuwa ndani ya pikapu hii, alipanda siku za turubai tu.

Alizungusha mkono wa kioo kwa nguvu zote. Mvua na baridi vikamwagika usoni mwao.

"Tata, simamisha gari."

Sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba Anyona alitii kabla ya kuelewa. Walimlaza Ochoki kwenye nyasi, mvua ikimpiga. Kwa muda ulioonekana kwa Mokeira kuwa mrefu kuliko likizo yote, mtoto hakufanya lolote. Kisha alikohoa, akavuta pumzi kwa kelele, akalia. Mokeira naye akalia pamoja naye.

Anyona alimnyanyua mwanawe amrudishe garini wakimbilie hospitali. Mokeira alisimama mlangoni, akamzuia. Alimwambia hawaingii mpaka turubai litoke. Wakati mwingine wowote angepigwa kofi kwa ukaidi huo. Lakini Anyona alimtazama, akachukua panga, akazikata zile kamba zake alizozithamini, moja baada ya nyingine. Waliingia Kisii vioo vikiwa wazi na ndizi zikinyeshewa, na hakuna aliyejali.

Gladys, dada yake Anyona, alikuwa muuguzi katika zahanati moja mjini. Alimwekea Ochoki hewa ya oksijeni na kukaa naye mpaka rangi yake ikarudi. Hakuuliza habari za mizimu. Aliuliza maumivu huanza wapi, huisha lini, nani huumwa na nani haumwi. Mokeira alimjibu yote, na alipofika kwenye turubai, shangazi yake aliweka chini kikombe chake cha chai.

Mvua ilipokatika walitoka nje. Gladys alimwambia kaka yake awashe injini na kulifunga turubai kama kawaida yake. Walisimama kando wakatazama. Moshi ulitoka chini, kwenye bomba la ekzosi lililotoboka, ukagonga turubai lililoning'inia nyuma, ukakosa pa kwenda. Ulirudi kati ya mikungu. Kisha lile gunia la kioo cha nyuma ya kiti lilituna polepole, kama shavu la mtu anayepuliza moto.

"Huyo ndiye abiria wenu," alisema Gladys. "Mmekuwa mkimfunga kwa kamba wenyewe."

Aliwaeleza kwamba harufu ya moshi walikuwa wameizoea, lakini ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na mlio masikioni, na humwonyesha mtu mambo yasiyokuwepo. Mwishowe humlaza usingizi, na wengi hawaamki. Kama wangefika mjini bila kufungua kioo, alisema, pikapu ingebeba jeneza lingine, dogo.

Anyona alizima injini. Aliweka mkono juu ya boneti, akainamisha kichwa.

Jumapili mtu wa Keroka alifika akakuta kioo kipya nyuma ya kiti, ekzosi iliyochomelewa upya, na turubai lililokatwa nusu. Anyona alimwambia pikapu haiuzwi, akamwomba radhi, akamketisha amweleze kisa chote. Hakuficha kitu, hata kwamba alikuwa amekusudia kunyamaza.

Mgeni alisikiliza bila kunywa chai yake. "Mimi nilikuwa nataka na turubai hilo," alisema mwishowe. "Watoto wangu ni wengi, hawatoshi mbele. Nilipanga wakae chini yake huko nyuma, wasinyeshewe wakienda shule."

Mokeira alimwona baba yake akiligeukia turubai lile na kulitazama. Mgeni alipoondoka, Anyona alimpeleka mpaka barabarani, na alikaa huko muda mrefu baada ya yule mtu kupata gari.

Jioni hiyo Gladys alikuja kumtazama Ochoki. Akamtania kaka yake kwa lile swali la Omwenga: sasa, je, amejuta?

"Gari silijutii," alisema Anyona. "Najutia kile kimya changu. Niliogopa mzimu ndani ya pikapu, na mimi ndiye niliyekuwa tayari kuwaua watoto wa mwenzangu."

Gladys aliwavuta watoto wote wawili karibu naye. "Basi shikeni hili," alisema. "Jambo likiwatisha, msikimbilie kusema ni shetani. Ulizeni linatokea lini, wapi, na kwa nani, kama alivyouliza Mokeira. Na mkishaijua hatari, mwambieni mwingine kabla haijamfikia, hata kama mtapata hasara. Msisafiri vioo vyote vikiwa vimefungwa ndani ya gari linalovuja moshi. Baridi haijamwua mtu kati ya hapa na Kisii."

Jumatatu Mokeira alishika tena ncha ya turubai. Sasa liliishia juu, na nyuma ya gari palibaki wazi. Waliondoka vioo vikiwa vimeshushwa nusu, meno yakigongana kwa baridi, Orpah akilalamika kuhusu masikio yake. Walipopita Nyamira, Mokeira alikaa kimya akisikiliza. Hakusikia chochote ila upepo, na Ochoki aliyekuwa akiimba wimbo wa Shule ya Sabato na kukosea maneno.

Hata hivyo aligeuka kutazama nyuma. Akilini mwake aliwaona pale, kati ya mikungu, mahali ambapo wangeketi chini ya turubai, wale watoto wa Keroka ambao hakujua hata majina yao. Akanyoosha mkono, akakishusha kioo chake mpaka mwisho.